Kopo la Mafuta Meupe

Nachingwea, 28 Mei 1950

Dada yangu Mwanaheri,

Pokea salamu zangu, umfikishie na mama zake, na shemeji Amri, na binti yako Mwamina, bibi harusi wetu mtarajiwa. Mimi na Ashura tu wazima. Mtoto ameota jino la pili na sasa anamng'ata kila anayembeba. Huku matrekta yananguruma tangu alfajiri, ingawa karanga zenyewe hazijaonekana kwa wingi wa hizo kelele.

Abdalah dereva wa lori ameniambia kuwa mlionana Ruangwa, ukamweleza kuwa mama hali tena. Anasema hata uji wa mtama anausukuma pembeni. Tangu siku hiyo kila ninapoonja chakula jikoni namkumbuka.

Kwa hiyo nakuletea mzigo kwa mkono wa Abdalah huyo huyo. Bibi wa nyumba ninayopikia amerudi kwao Ulaya, akanigawia vya stoo: unga wa ngano, sukari, na makopo mawili ya mafuta meupe, mazito kama samli iliyoganda. Kopo moja ni lako, moja limebaki kwangu. Unga na sukari nimekupa vyote.

Sasa sikiliza, maana keki haipikwi kwa kubahatisha. Piga mafuta na sukari kwa mwiko mpaka mkono ukuume na mchanganyiko uwe mwepesi kama povu. Vunja mayai manne, moja baada ya jingine, ukiendelea kupiga. Unga utie kidogo kidogo, na iliki uliyoitwanga, na tui kidogo kama unga umekaza. Paka sufuria mafuta, mimina, funika. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Usifunue mpaka harufu ijaze uani.

Keki haihitaji meno, dada. Mama ataila.

Mimi mdogo wako,
Isihaka


Mbekenyera, 25 Julai 1950

Mdogo wangu Isihaka,

Idi imepita salama na tunakuombea nawe iwe imekupitia hivyo. Amri anasumbuliwa na goti. Ufuta umekomaa, tunakata. Wakwe zetu watarajiwa wa Nambilanje, mzee Kaimu na mkewe, walikuja Idi mosi na kijana wao Salimu, na mahari wamemaliza kuyazungumza. Harusi tumeiweka baada ya mavuno ya korosho.

Keki ya kwanza niliiunguza. Chini ilikuwa mkaa mtupu na katikati uji, Mwamina akacheka mpaka akakaa chini. Ya pili niliipika katikati ya Ramadhani, nikiwa nimefunga, siwezi hata kuonja. Nilipofunua nilidhani nimekosea sufuria. Ilikuwa imepanda mpaka ukingoni, rangi ya asali, na ilipokatwa ilikuwa laini ndani kama pamba. Isihaka, nimepika vitumbua tangu mtoto, kashata za ufuta zangu watu huzifuata kutoka Matambarale, lakini kitu kama kile sijapata kukitoa kwenye moto wangu.

Mama alipopewa kipande alikinusa. Akakiweka mdomoni. Kisha akanyoosha mkono kwa kingine. Mimi nilitoka nje kwa sababu sikutaka anione ninalia.

Siku ya Idi nilipika tatu. Mwalimu Saadi wa madrasa alikula vipande vitatu na kingine akakifunga kwenye leso ampelekee mkewe. Mke wa mzee Kaimu aliniuliza mbele ya watu kama Mwamina amejifunza, nikasema amejifunza. Majirani wameazima sufuria yangu wakidhani siri iko kwenye sufuria.

Kopo limebaki nusu. Nalifunika vizuri na kulihifadhi uvunguni kwa mama. Mungu akuzidishie, umemrudisha mama mezani.

Dada yako,
Mwanaheri


Nachingwea, 19 Agosti 1950

Dada Mwanaheri,

Hatujambo. Ashura anakusalimu. Nimefurahi kuhusu harusi.

Nina neno moja. Mafuta yale yaliyobaki usiyatumie tena. Lifukie kopo mbali na nyumba. Nitakutafutia samli nzuri, nikiipata nitaileta.

Msalimu mama.

Isihaka


Mbekenyera, 10 Septemba 1950

Mdogo wangu Isihaka,

Barua yako imefika, imechukua wiki mbili. Sisi tu wazima. Mabibo yameanza kuiva na uani kote kunanuka mabibo. Amri goti lake limepoa. Mwamina anasuka mkeka wake wa harusi, ameufumua mara mbili kwa sababu rangi hazikumridhisha.

Mama anaendelea. Anakula vipande viwili vya keki asubuhi na kimoja jioni, na kingine chochote hakiingii. Mashavu yamejaa kidogo. Juzi alitembea mwenyewe mpaka kwa jirani, watu wakashangaa.

Samli hapa haipatikani. Wafugaji waliokuwa wanaileta hawajapita tangu masika.

Kuhusu kopo nimekusikia. Barua yako ilikuwa fupi sana safari hii. Labda kazi ni nyingi.

Dada yako,
Mwanaheri


Nachingwea, 1 Oktoba 1950

Dada yangu Mwanaheri,

Natumaini karatasi hii itakukuta umekaa. Kama umesimama, kaa kwanza.

Tarehe kumi na mbili Agosti alikuja jikoni kwangu Kornel, mpishi wa nyumba ya pili, kijana wa Kimakua aliyesoma misheni. Alikuja kuazima chumvi. Akaliona lile kopo langu juu ya kabati. Akalichukua, akaligeuza, akasoma maandishi ya karatasi yake, kisha akanitazama.

"Isihaka, haya unayala?"

Nikamwambia ni ya keki.

"Lakini wewe Mwislamu."

Nilidhani ananitania. Akaweka kidole kwenye neno moja, nami neno silijui, herufi zake nilikuwa naziona kila siku kama mtu anavyoona nyufa za ukuta. Akasema polepole, bila kunicheka hata kidogo, "Ndugu yangu, haya ni mafuta ya nguruwe."

Dada, nililichukua kopo mkononi mwake nikalifunika. Nilishika meza. Nilikuwa nimeshaila keki ile mimi, na Ashura, na mtoto nilimlisha kwa kidole changu. Kisha nikakukumbuka wewe, na mama, na Idi.

Nilikuandikia wiki ile ile ulifukie kopo, ila sababu sikuiandika. Niliianza mara tatu nikachana. Ashura ananiambia kila siku niseme, na kila siku namwambia kesho. Leo nimesema.

Bibi yule simlaumu. Alinipa alichonacho. Mimi ndiye niliyekupa nisichokijua.

Niandikie hata kama ni matusi.

Isihaka


Mbekenyera, 3 Oktoba 1950

Mdogo wangu Isihaka,

Tumuombe Mungu subira, mimi na wewe.

Mama ametutoka Jumamosi, tarehe 30 Septemba, adhuhuri. Tulimtuma mtu Ruangwa akutafutie lori lakini siku ile hakuna lililokuwa linakuja kwenu, na mazishi hayakuweza kungoja. Amelala karibu na baba.

Hakuumwa muda mrefu. Alhamisi alisema ubavu unamchoma. Ijumaa asubuhi aliniita akaomba keki. Nilikwangua kopo kwa kijiko mpaka bati likalia, nikapata ya kutosha keki ndogo, nikaipika kwenye kisufuria cha chai. Aliila ikiwa bado ya moto. Alizungumza Kimwera siku ile yote, Kiswahili kilikuwa kimemtoka, akasema, "Mtoto wangu aliye mbali ndiye ananilisha." Alinishika mkono akiwa anasema. Baada ya hapo hakula kitu kingine, maji tu ya kulowesha midomo.

Nimekuandikia hilo kwa sababu najua utajilaumu kwa kutokuwepo. Usijilaumu. Kitu cha mwisho kilichopita kooni mwake kilitoka kwako.

Arobaini itakuwa tarehe 9 Novemba. Njoo na Ashura na mtoto. Watu wanakuuliza.

Dada yako,
Mwanaheri


Nachingwea, 20 Oktoba 1950

Dada Mwanaheri,

Barua yako ya msiba ililetwa na Abdalah jana. Niliisoma mara moja tu. Ashura ndiye aliyeisoma mara ya pili, kwa sauti, nikamwomba anyamaze alipofika pale kwenye keki.

Je, hujapata barua yangu ya tarehe 1? Kama hujaipata, utakapoipata isome peke yako.

Arobaini sitaweza kuja. Kuna kazi nyingi, mabwana wengine wamehamia nyumba hii na hawana mpishi. Nisomee Fatiha kaburini.

Isihaka


Mbekenyera, 26 Novemba 1950

Isihaka,

Barua yako ya tarehe 1 Oktoba ililala dukani Ruangwa karibu wiki tatu, chini ya gunia la chumvi. Nilipewa tarehe 24 ya mwezi ule ule. Niliifungua njiani, nikiwa nimebeba kikapu kichwani. Ulisema nikae. Nilikaa pale pale barabarani, na watu waliopita walidhani nimeshikwa na jua.

Siku nne sikusema na mtu. Amri aliniuliza kama ni msiba, nikasema ni msiba. Siku ya tano nilikwenda kwa mwalimu Saadi, nikamweleza yote, nikampa barua zako azisome mwenyewe. Alizisoma pole pole. Nilimwona alipofika kwenye neno lile, kwa sababu aliondoa mkono wake kwenye mdomo, kama mtu aliyekumbuka alichokula.

Alizikunja barua. Kisha akaniambia asiyejua hana dhambi, si yeye, si mama, si watoto. Vyombo vioshwe mara saba na mara moja iwe kwa udongo. Halafu akazirudia barua akaniuliza, "Ndugu yako alijua lini?" Nikamwonyesha. Tarehe kumi na mbili Agosti. Akahesabu kwa vidole mpaka tarehe 1 Oktoba. Siku hamsini.

Siku ya arobaini, watu wakiwa wamejaa, mwalimu alinipa nafasi, nami nikasema nikiwa nimesimama mlangoni. Mwanamke mmoja alikwenda nyuma ya nyumba akatapika, ingawa Idi ilikuwa imepita miezi minne. Kesho yake kisima kilijaa wanawake na sufuria. Kila aliyewahi kuazima sufuria yangu alikuwa anasugua kwa udongo, na hakuna aliyenisalimu. Walifanya kazi kimya, mimi nikiwa katikati yao nasugua yangu.

Vitumbua vyangu hakuna anayevigusa. Kashata nimezipeleka gulioni mara mbili, nimerudi nazo. Kutoka Nambilanje wamerudisha mkeka wa Mwamina tuliokuwa tumewapelekea wauone. Hawakusema harusi imevunjika. Wamerudisha mkeka tu. Mtoto wangu hasemi, anashinda kaangalia ukuta.

Mafuta nayasamehe. Hukuyajua. Siku hamsini ndizo sizielewi. Ungeliandika neno moja mwezi wa nane, mama angekula keki gani mwezi wa tisa? Unanisikia? Ulikuwa unajua, na wewe ukiwa unajua mimi nilikuwa namlisha.

Na arobaini ya mama yako umeiacha ipite kwa ajili ya chakula cha mabwana.

Mwanaheri


Nachingwea, 17 Desemba 1950

Dada yangu,

Sina salamu nzuri za kuanzia, nisamehe.

Hakukuwa na kazi. Mabwana waliohamia walikuja na mpishi wao, na mimi nilikuwa nakaa nyumbani siku ile ya arobaini, nimevaa kanzu, nimekaa kitandani. Niliogopa nyuso.

Umeuliza siku hamsini. Nitakuambia bila kujitetea. Barua yako ya Idi niliitembeza Nachingwea nzima. Niliwasomea wapishi wenzangu pale mwalimu Saadi alipofunga kipande kwenye leso. Hapa ninaitwa boi, dada, na nina miaka thelathini na minne. Huko kwetu nilikuwa mtu aliyemrudisha mama mezani. Nilipojua ukweli nikaona nitakuwa si mtu kote kuwili. Nikasema, kopo likifukiwa, jambo limekwisha na jina langu limebaki. Hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo. Hayana heshima yoyote.

Wiki iliyopita nilikwenda Nambilanje. Lori lilinishusha njiani, nikatembea siku nzima. Nilimkuta mzee Kaimu anakausha korosho. Sikungoja kuandaliwa mkeka. Nilimwambia mimi ndiye niliyetuma mafuta, mimi ndiye niliyejua nikanyamaza, dada yangu na binti yake walipika walichopewa, na kama kuna nyumba ya kukataliwa ni yangu mimi. Salimu alikuwa anasikiliza. Mkewe mzee alitoka ndani akasimama, akanitazama tu.

Mzee aliendelea kugeuza korosho zake. Mwishoni akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akasema, "Kwangu hutakula leo. Lakini maji utakunywa." Nikanywa, nikaondoka.

Mbekenyera sikupita. Nilifika njia panda nikakaa hapo mpaka jua likawa kali, nikageuka.

Huku Wazungu wengi wanafunga masanduku. Wanasema mashamba yatapunguzwa. Sijui kama nitakuwa na kazi mwaka ujao.

Isihaka


Mbekenyera, 7 Januari 1951

Mdogo wangu Isihaka,

Mvua zimeanza vizuri, tumepanda mahindi. Amri anakusalimu, na safari hii ameniambia mwenyewe nikuandikie hivyo.

Nimeisoma barua yako na sikulala vizuri kwa siku kadhaa, kwa sababu wewe umesema na mimi bado. Nilikuandikia kwa ukali mwezi wa kumi na moja. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli, ila nilificha langu.

Barua yako ya Agosti ilipofika nililitoa kopo uvunguni. Nilichukua jembe. Isihaka, hakuna mtu anayemwambia dada yake azike mafuta mazima ardhini bila sababu, na sababu za namna hiyo kwa watu kama sisi si nyingi. Mwalimu Eusebio wa shule ya misheni, anayejua Kiingereza, hupita hapa kila Jumatatu na baiskeli yake. Jumatatu ile nilisimama ukingo wa barabara na kopo ndani ya khanga. Nilimwona anakuja. Akanisalimu, nikaitikia, akapita.

Asubuhi ile mama alikuwa amekula vipande viwili. Alikuwa amemwambia Mwamina amchane nywele. Nilirudi ndani na kopo langu, nikawasha moto.

Sikujua. Lakini nilichagua kutojua, na kwa hiyo nikakwangua mpaka bati. Kisha nilipopata barua yako nilishika zile siku hamsini nikazitupa zote juu yako, kwa sababu zilikuwa nzito na mikono yangu ilikuwa imejaa.

Nimemwambia mwalimu Saadi. Alishtuka kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza nilikuwa mtu aliyekosewa, na alikuwa amezoea kunihurumia. Alinitaka nimuombe Mungu toba, na hakuniambia zaidi. Amri nimemwambia. Kisha nilikwenda Nambilanje na Mwamina, nikamwambia mke wa mzee Kaimu, mimi na yeye peke yetu, kwa sababu sikutaka amuoze kijana wake kwenye nyumba asiyoijua.

Akaniuliza mama yangu alikuwa na umri gani. Akaniuliza kama alikufa na njaa. Nikamwambia hapana, hakufa na njaa. Akainuka akaenda ndani, nikajua tumefukuzwa. Mwamina, aliyekuwa akiningoja uani, alikuwa amekwisha kusimama. Mama yule akatoka na mkeka wao, akaukunjua, akamwambia Mwamina akae.

Harusi ni Ijumaa, tarehe 19. Wamempokea mtoto wetu. Wameweka sharti moja: chakula chote cha siku hiyo, hata chai, kitapikwa na wanawake wa Nambilanje, na mimi nisikanyage jikoni. Nimekubali kabla hawajamaliza kusema.

Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili sijawahi kuhudhuria harusi bila unga mikononi, na hii ni ya mwanangu. Sijui mikono hii nitaiweka wapi.

Njoo, Isihaka. Usiishie njia panda. Wewe nawe hawatakuacha uguse mwiko. Nimemwomba mama mkwe wa Mwamina mahali nyuma ya nyumba, pembeni, ametuonyesha. Tutakaa wawili kwenye mkeka kama wageni, watu watatutazama watakavyo, sinia litaletwa, na tutakula tulichopewa.

Dada yako,
Mwanaheri